Tumbili Wawili na Neno "Imehifadhiwa"

Leo naanza na tumbili wawili.

Wa kwanza mnamkumbuka. Tarehe 7 Juni 2016 alipanda paa la kituo cha umeme cha Gitaru, kule mto Tana, akaangukia transfoma. Transfoma ikazima. Mashine zingine za kituo zikazidiwa na mzigo, nazo zikazima. Zaidi ya megawati 180 zikapotea kwa mpigo, na Kenya nzima ikaingia giza. KenGen wenyewe ndio walitoa taarifa. Tumbili alipona, akachukuliwa na watu wa KWS. Gitaru iko kwenye ule msururu wa mabwawa ya Seven Forks unaoanzia Masinga, kwa hivyo sisi watu wa Machakos tunaweza kusema yule tumbili ni jirani.

Wa pili ni wa kusimuliwa tu. Mwaka 2002 Linus Torvalds, jamaa aliyeanzisha Linux, alikuwa anaandikiana na wenzake kuhusu kitu kinaitwa O_DIRECT, ambacho ni njia ya programu kuongea na diski moja kwa moja. Alisema, kwa maneno yangu mimi, kwamba kitu chote ni cha kijinga, na pengine kilibuniwa na tumbili mwenye wazimu aliyekula dawa za kulevya. Maneno yake yakawekwa ndani ya mwongozo wa Linux wenyewe na yakakaa humo miaka mingi.

Nilikuja kujua habari za tumbili wa pili kwa sababu stima ilipotea Mitaboni siku mbaya. Kwa hivyo hii ni historia, lakini kuna mia tano ya mamangu ndani yake.

Iko hivi. Mamangu, Mwaitu kama tunavyomwita nyumbani, ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama kumi na wawili. Wanakutana Jumamosi moja kila mwezi, kila mmoja anatoa mia tano, mwenye zamu anapewa. Miaka yote Mwaitu aliandika kwa daftari na biro. Mimi ndiye nilimshawishi aache daftari. Nilikuwa nimejifunza kuandika programu, nikaona aibu vile mamangu bado anachora mistari na rula. Nikamtengenezea programu kwenye kompyuta ya mezani ya mtumba, haina betri, haina UPS.

Jumamosi moja mwaka jana akanisomea majina na pesa, nikaingiza yote, nikabonyeza. Skrini ikaandika "Imehifadhiwa". Mwaitu akauliza, "Umemaliza?" Nikamwambia ndiyo. Hata hajafika mlangoni, stima ikapotea.

Iliporudi jioni nikafungua kompyuta. Faili ilikuwepo. Jina lilikuwepo. Ukubwa wake: baiti 0.

Miezi ya nyuma nilikuwa nayo kwenye flashi. Ya siku hiyo ilikuwa imeenda. Tisa walikuwa wametuma kwa M-Pesa, kwa hivyo meseji zilikuwa kwa simu ya Mwaitu. Watatu walikuwa wametoa pesa mkononi. Mmoja wao akasema alitoa elfu moja, yaani mia tano ya mwezi huo na mia tano ya deni. Mwaitu alikumbuka mia tano tu. Pesa zenyewe zilikuwa zishatoka, nyingine kwa mwenye zamu, nyingine mkopo wa haraka, kwa hivyo hata kuhesabu hakungesaidia. Sidhani kuna aliyekuwa anadanganya. Hakukuwa tu na kitu cha kuangalia. Mwaitu akatoa mia tano yake mwenyewe. Mkutano uliofuata mama mmoja akauliza, kwa upole sana, kama pengine hazina ingezunguka ishikwe na mtu mwingine.

Hiyo swali ndiyo iliniuma. Pesa zinarudi. Jina la mtu kama mweka hazina linachukua muda.

Sasa, mimi ndiye niliandika neno "Imehifadhiwa". Kwa nini niliandika? Kwa sababu nilimwambia Linux iandike, Linux ikanijibu sawa. Nikaamini. Nikaanza kutafuta nani alinidanganya, na nikapata kwamba hakuna aliyenidanganya. Mimi ndiye nilisikia ahadi ambayo haikutolewa.

Risiti ya stage

Turudi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ken Thompson na Dennis Ritchie wako Bell Labs, Marekani, wanatengeneza Unix. Wanaamua kwamba kazi zote za faili zitafanywa na funksheni chache: open ya kufungua, read ya kusoma, write ya kuandika, close ya kufunga. Mwandishi wa programu hana haja ya kujua diski ni ya aina gani au faili yake iko kona gani. Faili ni baiti tu zilizopangwa foleni. Unataka baiti tatu? Chukua tatu. Unataka kuandika moja? Andika moja.

Hapo mahali ambapo programu moja inakutana na nyingine, pale unapoita funksheni na kupewa jibu, ndipo panaitwa kiolesura. Na kiolesura cha Unix kilikuwa kizuri hadi leo simu yako ya Android inakitumia ndani kwa ndani.

Lakini uzuri huo una gharama. Diski haijui baiti moja. Diski inasoma na kuandika vipande vizima, na kwa miaka mingi kipande kimoja kilikuwa baiti 512. Pia diski ni polepole. Diski ya kuzunguka mara 7200 kwa dakika inachukua kama milisekunde 8 kumaliza mzunguko mmoja, na kwa muda huo prosesa inaweza kufanya mamilioni ya hesabu. Kwa hivyo Unix ikaweka bafa katikati: sehemu ya RAM inayopokea data yako, inaishikilia, halafu inaipeleka kwa diski baadaye ikiwa na nafasi.

Fikiria unatuma mzigo kutoka Machakos mjini kuja Mitaboni kwa matatu. Unafika stage, unampa karani mzigo, anakuandikia risiti. Risiti inasema mzigo umepokelewa. Haisemi umefika. Gari linaweza kuwa halijajaa. Linaweza kukaa. Ukimpigia shangazi yako umwambie "mzigo umefika" kwa sababu una risiti mkononi, kosa ni lako, si la karani.

Write ni ile risiti. Ikirudi na jibu la sawa, maana yake kiini cha mfumo, kinachoitwa kerneli, kimepokea data kwenye RAM. Kwenye Linux, ukiacha mipangilio ya kawaida, data inaweza kukaa humo kama sekunde 30 kabla haijaanza kusukumwa kwa diski. Sekunde 30 pale ambapo stima haipotei ni kitu kidogo. Sekunde 30 Mitaboni ni nyingi, manze.

Wenye kutaka kupita mlango wa nyuma

Kuna watu waliolalamika mapema, lakini si kwa sababu ya stima. Mwaka 1981 Michael Stonebraker, aliyekuwa Chuo Kikuu cha California pale Berkeley akitengeneza databesi, alichapisha makala akisema mifumo endeshi inawapa watu wa databesi huduma wasizozihitaji. Hoja yake ni rahisi. Databesi tayari ina bafa yake, na inajua vizuri ni data gani itahitajika tena. Mfumo endeshi unakisia tu. Sasa data moja inakaa RAM mara mbili, inanakiliwa mara mbili, na anayeamua kipi kitolewe ni yule asiyejua biashara.

Dawa ya wakati huo ilikuwa kuacha kabisa faili. Unix ilikuwa na njia ya kuongea na diski ikiwa tupu, bila mfumo wa faili juu yake. Databesi kubwa ziliitumia. Lakini ukienda hivyo unapoteza majina ya faili, unapoteza kunakili kwa urahisi, unapoteza kila kitu. Ni kama kuchukia foleni ya matatu hadi unaamua kujenga barabara yako.

Swali likawa: tunaweza kuwa na faili za kawaida, zenye majina na folda, lakini tukitaka tupite kando ya bafa?

Waliojibu vizuri ni Silicon Graphics, wale wa kompyuta za michoro zilizotumika kutengeneza dinosau wa filamu ya Jurassic Park mwaka 1993. Watu wa video wana shida yao. Video ni kubwa, unaisoma mara moja kutoka mwanzo hadi mwisho, na kuiweka kwenye bafa ni kufukuza vitu vingine bure. Mfumo wao endeshi, IRIX, ulikuwa na mfumo wa faili wa XFS uliotoka mwaka 1994, na pia ulikuwa na bendera iliyoitwa O_DIRECT. Unapofungua faili kwa open, unaweka hiyo bendera, na kuanzia hapo read na write zako zinahamisha data kati ya diski na RAM ya programu yako, bila kupita kwa bafa ya kerneli.

Lakini kuna masharti. Ukipita mlango wa nyuma unakutana na diski yenyewe, na diski inataka vipande vizima. Ni kama kununua soda kwa dipo badala ya dukani. Dukani unachukua chupa moja. Dipo wanauza kreti, na ukitaka chupa 23 watakuangalia tu. Kwa O_DIRECT, mahali unapoanzia kwenye faili, urefu wa data, na hata anwani ya data yako kwenye RAM, vyote lazima vigawanyike sawasawa kwa ukubwa wa kreti.

Na hapa ndipo watu wa IRIX walifanya jambo la heshima: waliweka pia njia ya kuuliza. Programu ingeweza kuuliza faili, "Kreti zako ni za ukubwa gani?" na ikajibiwa. Mlango ulikuja na kengele yake.

Linux ikachukua mlango, ikaacha kengele

Linux ilipata O_DIRECT kwenye toleo la 2.4.10, Septemba 2001. Jina lile lile, bendera ile ile, masharti yanayofanana. Ile njia ya kuuliza haikuja pamoja nayo kwa mifumo yote ya faili. XFS ilipohamia Linux ilikuja na swali lake lenyewe, lakini hilo lilikuwa la XFS.

Kwa hivyo mwandishi wa programu ilibidi akisie. Wengi walikisia 512, wakaiandika ndani ya programu kama namba ya kudumu. Kuanzia kama mwaka 2010 watengenezaji wa diski wakaanza kuhamia vipande vya baiti 4096. Diski nyingi zilijifanya bado ni za 512 ili zisivunje mambo. Zile ambazo hazikujifanya zilikataa, na programu zilizokisia 512 zikaanza kurudishiwa jibu moja fupi: hoja si sahihi. Ni hoja gani? Anwani, urefu, au mahali pa kuanzia? Haisemi.

Hilo jibu nalijua mwenyewe. Baada ya ile Jumamosi nilisoma juu juu, nikaona neno "direct", nikajiambia hii ndiyo dawa, data iende diski moja kwa moja. Nikaweka bendera kwa programu ya Mwaitu. Rekodi zake za siku moja hazifiki hata baiti 400. Nikajibiwa hoja si sahihi. Nilikaa usiku mzima nikitafuta kosa la tahajia.

Sasa unaelewa hasira ya Linus mwaka 2002, miezi michache baada ya Linux yake kupata mlango huo. Hakuwa anasema kupita kando ya bafa ni dhambi. Alikuwa analalamikia umbo. Bendera moja, iliyowekwa wakati wa kufungua faili, inabadilisha maana ya read na write zitakazoitwa mbali huko, pengine na mtu mwingine. Majina yamebaki yale yale, tabia imebadilika. Aliona heri kazi igawanywe: funksheni moja ya kuambia kerneli ilete data mapema, nyingine ya kuhamisha kurasa za RAM, kila moja ikisema wazi inafanya nini.

Wengine walijaribu maumbo tofauti. Solaris ilitengeneza funksheni yenyewe, iliyoitwa directio, na ikaifanya kuwa ushauri: unaomba kupita kando, na kama ombi lako halikai sawa, mfumo unakupitishia kwa bafa kimya kimya. FreeBSD ilichukua jina la O_DIRECT lakini bila masharti ya kreti. Nani alikuwa sahihi? Ukikataa kwa ukali, programu zinavunjika. Ukikubali kimya kimya, mtu anadhani amepata kitu ambacho hajapata. OpenZFS kwenye Linux iliwahi kukubali bendera ya O_DIRECT kwa miaka bila kufanya chochote nayo, hadi toleo la 2.3 la Januari 2025 ndipo ikaanza kuitimiza kweli.

Mimi nikiulizwa, nataka kukataliwa. Lakini nikataliwe kwa sababu inayoeleweka.

Moja kwa moja hadi wapi?

Hii ndiyo sehemu iliyonifunza zaidi, na ndiyo wengi wanaikosa kama nilivyoikosa.

O_DIRECT haiahidi kwamba data yako iko salama. Inaahidi, tena kwa kujitahidi tu, kwamba haitapita kwenye bafa ya kerneli. Diski yenyewe ina RAM yake ndogo ndani. Inaweza kupokea data yako, ikakujibu sawa, na bado haijaiandika mahali pa kudumu. Pia faili si data tu. Kuna ukubwa wake, kuna orodha ya vipande vyake viko wapi, na hizo habari bado zinakaa kwenye kerneli zikisubiri. Stima ikipotea hapo, umepita mlango wa nyuma na bado mzigo haujafika.

Funksheni inayoahidi usalama ni nyingine kabisa. Inaitwa fsync, na ilikuja na BSD 4.2 mwaka 1983. Fsync inasema: usinijibu hadi data ya faili hii iwe imefika kwenye diski, na diski yenyewe iambiwe imwage ilichoshika. Hiyo ndiyo inayofanana na meseji ya M-Pesa. Tangu M-Pesa ianze Machi 2007 tumejifunza wote kwamba mtu akikuambia "nimetuma" hujapata kitu hadi simu yako ilie. Ajenti wa hapa Mitaboni hawezi kukupa pesa kwa sababu umemwonyesha skrini yako. Anangoja yake.

Kumbe hata magwiji wamewahi kuchanganya hayo mawili. Mwaka 2009, mfumo wa faili wa ext4 ukiwa mpya, watu wakaanza kulalamika kwamba kompyuta ikizima ghafla wanakuta faili zao zina baiti 0. Baiti 0! Niliposoma hapo nilisimama. Programu zao zilifanya kama yangu: fungua faili ile ile, futa yaliyomo, andika upya. Ext4 ilikuwa inafuta haraka lakini inachelewa kuchagua mahali pa kuandika mapya, kwa ajili ya kasi. Theodore Ts'o, mmoja wa waliojenga ext4, akaeleza kwamba kiolesura hakikuwahi kuahidi vingine, na asiyeita fsync hana dai. Watumiaji wakamjibu kwamba mfumo wa zamani haukuwa unawafanyia hivyo. Mwishowe ext4 ikaongezewa ujanja wa kutambua mienendo hiyo ya kawaida na kupunguza hasara. Kupunguza, si kumaliza.

Halafu mwaka 2018 watu wa PostgreSQL, databesi inayotumika dunia nzima, waligundua kitu kibaya zaidi. Kwenye Linux, kama diski imeshindwa kuandika, fsync ingeweza kukuambia mara moja tu. Ukiita tena inakujibu sawa, kwa sababu kerneli imeshaiona ile data kama imeshughulikiwa. PostgreSQL kwa miaka mingi ilidhani ukijaribu tena na ukajibiwa sawa, basi iko sawa. Mwanzoni mwa 2019 wakabadilisha: fsync ikishindwa, databesi inajizima yenyewe na kuanza upya kutoka kwenye kumbukumbu zake. Na toleo lao la 16, mwaka 2023, likawa na mpangilio wa majaribio wa kutumia O_DIRECT. Miaka 42 baada ya ile makala ya Stonebraker, bado wanapiga hesabu ile ile.

Kengele inarudi

Si habari mbaya tu. Ndani ya kerneli, pale ambapo mtumiaji hafiki, nako kulikuwa na kiolesura kibovu. Mwanzoni kila mfumo wa faili ulikuwa na funksheni ya kufanya kazi ya moja kwa moja, na hiyo ilichanganya maswali mawili: data iko wapi kwenye diski, na itahamishwaje. Mwaka 2016 Linux ikapata utaratibu unaoitwa iomap, uliotokana na XFS. Hapo mfumo wa faili unaulizwa swali moja tu: "Faili hii, kuanzia hapa, urefu huu, iko kipande gani cha diski?" Unajibu. Kazi ya kuhamisha inafanywa na sehemu ya pamoja, iliyoandikwa mara moja na kutumiwa na wengi. Ext4 ilihamishia kazi yake ya moja kwa moja huko mwanzoni mwa 2020. Ni kama kikundi kilichokubaliana kwamba mweka hazina anashika pesa na katibu anaandika. Mmoja akifanya yote mawili, kosa likitokea hamjui mtaanzia wapi.

Na ile kengele? Linux 6.1, iliyotoka Desemba 2022, iliongeza kwenye funksheni ya statx uwezo wa kuuliza faili: "Kwa kazi ya moja kwa moja, unataka anwani zipangwe vipi, na kreti ni za ukubwa gani?" Swali lile lile la IRIX. Kutoka 2001 hadi 2022 ni miaka 21. Mimi mwenyewe nimezaliwa na kumaliza shule swali hilo likingoja kuwekwa.

Sisemi hivi kuwacheka. Wale watu wametupa kitu cha bure kinachoendesha seva karibu zote unazogusa kila siku. Ninachosema ni kwamba umbo la funksheni ni uamuzi, na kuna mtu analipia uamuzi huo. Ukiwa mahali ambapo stima hukatika mara moja kwa mwaka, pengo kati ya "imepokelewa" na "imefika" ni mada ya mjadala. Kwetu ni Jumamosi. Tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima na hata uwanja wa ndege wa JKIA ukakaa gizani, sasa sembuse kompyuta ya mtumba iliyochomekwa kwa ukuta Mitaboni?

Wengi wetu tunaosoma hapa tunaandika programu, au tutaandika. Za chama, za duka, za sacco, za kanisa. Tunanakili mifano ya watu walio na betri na jenereta, na mifano hiyo mingi inaishia kwa write. Halafu tunaandika "Imehifadhiwa" kwa rangi ya kijani.

Nilirekebisha hivi, na ni mistari michache tu. Programu sasa haigusi faili ya zamani. Inaandika faili mpya pembeni, inaita fsync, inangoja. Ikijibiwa sawa, inaita rename ili mpya ichukue jina la zamani, halafu inaita fsync kwa folda yenyewe, kwa sababu jina la faili nalo huandikwa mahali. Hadi hapo skrini inasema "Inahifadhi". Neno "Imehifadhiwa" linakuja mwisho kabisa. Fsync ikishindwa, skrini inasema haijahifadhiwa, kwa rangi nyekundu. O_DIRECT niliitoa. Rekodi za akina mama kumi na wawili hazihitaji mlango wa nyuma. Zinahitaji jibu la ukweli.

Kisha nikajaribu kwa kung'oa waya ukutani. Mara ishirini, kila mara sekunde tofauti. Mwaitu alipita akaniuliza kama nimeamua kuharibu kompyuta kabisa. Nikamwonyesha. Mara zote ishirini, faili ilikuwa nzima: ama ya zamani, ama mpya. Haikuwa 0 hata mara moja.

Akaangalia, akaniuliza swali moja: "Na siku ile, ilisema imehifadhiwa kwa nini?"

Nikamwambia ilikuwa imepokelewa tu, na mimi sikujua tofauti.

Alikubali irudi, kwa sharti kwamba daftari libaki. Sasa Jumamosi za mkutano anaandika kwa biro kwanza, ananisomea, halafu anasimama nyuma yangu akiangalia skrini. Haondoki ikiwa bado inasema "Inahifadhi". Hazina bado iko kwake.